Kibao cha Shaba Begani

"Mwenzangu, kile kinachong'aa begani kwa binti yako ni kitu gani?" jirani aliuliza huku akianika mashuka. Alikuwa amemwona binti kupitia uzio wa wakfu. Mama wa binti, mshonaji wa nguo, alijibu kuwa ni kibao, akaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Wakfu ule ulikuwa wa familia moja yenye moyo wa kutoa. Ulijenga maktaba, ukakusanya ngoma na zeze za mkoa mzima, ukawaletea wanafunzi darubini. Utaratibu ulikuwa mmoja: kila walichokisaidia kilipigwa kibao cha shaba chenye jina la marehemu babu yao, na chenye kibao hakikutoka nje ya geti. Siku fundi alipopita na bisibisi yake, binti, ambaye wakfu ndio uliomsomesha, alikuwa amesimama kati ya ngoma na darubini. Fundi akafuata mstari. Binti hakuumia, skrubu ziliingia kama kwenye mbao laini. Tangu hapo akifika getini, miguu inagoma.

Sasa baba yake alikuwa hoi kitandani, na alichokitaka ni kumwona mwanawe kabla hajafumba macho. Mshonaji alisali, akavaa nguo yake ya ibada, akaenda kumchukua.

Walimpokea vizuri, na hilo ndilo lililomchanganya. Dada mkubwa wa familia alimvutia kiti, akamletea maji kwa mkono wake mwenyewe, akampa pole ya mgonjwa. Mshonaji alikuja na maneno makali, akayatafuta, asiyaone. Fundi akaitwa pale aliposimama binti. Alizungusha skrubu mpaka jasho likamtoka, nazo zikazunguka tu palepale. Mdogo wa yule dada akasema kikitoka kimoja leo, kesho watu watabeba ngoma. Dada akasema hilo nalo ni kweli, ingawa mgonjwa naye ni kweli. Mshonaji akajikuta anaitikia kwa kichwa, hajui amekubali lipi.

"Sasa nikamwambie nini baba yake?"

"Mwambie anatunzwa, mama," dada akasema. "Kila Ijumaa tunamfuta vumbi."

Binti akasema ni kweli, na kitambaa chenyewe ni laini. Kisha akamshika mama yake mkono. "Baba mfikishie shikamoo yangu. Mwambie mtihani nimefaulu."

Mpiga picha wa wakfu akaingia. Walitaka mama na mwana kwa ajili ya kalenda. Mshonaji akasimama ubavuni mwa mwanawe, akamkumbatia begani kama alivyozoea tangu utoto wake. Shaba ilikuwa na joto la mwili.

"Mama, samahani, toa mkono kidogo," mpiga picha alisema kwa adabu. "Umeziba jina."

Mshonaji akatoa mkono. Akamtengeneza binti kola ya shati, akachukua mkoba wake kitini, akatoka getini peke yake.