Koki ya Bi Komeo

Majirani walimwita Bi Komeo. Alijua, wala hakuona tusi. Nyumbani kwake kila kilichoweza kufungwa kilifungwa. Kopo la sukari lilikuwa na kifuniko, kifuniko kilikazwa kwa mpira, na kabati la kopo hilo lilikuwa na kufuli. Ua ulikuwa umeanguka upande mmoja siku nyingi, mbuzi wakipita wapendavyo, lakini geti lilifungwa kwa kufuli mbili, na wageni wenye adabu walisimama hapo wakangoja lifunguliwe.

Mkwewe alikuwa fundi bomba. Ufundi aliusomea darasa la jioni, kwanza mtoto akiwa tumboni, baadaye akiwa mgongoni. Mtoto alizaliwa na mashavu kama maandazi, akaitwa Bonge, na wazazi wakawa Mama Bonge na Baba Bonge. Tangu baridi ianze mashavu yalikuwa yamekwisha na kikohozi kimechukua nafasi yake, ila majina ndiyo yalikuwa yameshashika.

Chumba walichopanga kilikuwa na ukuta unaotoa maji. Kwa Bi Komeo kulikuwa na chumba kitupu, kikavu, mkabala na jikoni. Kilichokosekana ni joto. Ndipo likanunuliwa jiko la chuma la kuni, la mkono wa pili, lenye boila mgongoni, yaani kisanduku cha chuma kinachojaa maji yakapata moto huku chakula kikiiva mbele. Mama Bonge angeliunganisha, na siku litakapowaka mtoto angehamia.

"Mimi sina neno," Bi Komeo alisema. "Washeni, mleteni mjukuu wangu."

Neno lilikuja bomba la mwisho lilipofungwa.

Mama Bonge alikuwa ametoa mabomba mawili manene ya shaba nyuma ya boila, akiyapandisha polepole huku akiyapima kwa pimamaji. Yalikwenda kwenye pipa la maji ya kuogea, yakapitia rejeta ya ukutani penye ujia, yaani bati nene linalopita maji moto ili kupasha nyumba joto. Kutoka hapo bomba moja lilipanda mpaka darini, likajikunja juu ya tangi dogo la maji kama mtu anayechungulia kisima. Bi Komeo alilifuata kwa macho kutoka chini mpaka juu, kisha akashuka nalo tena.

"Mama Bonge."

"Abee, mama."

"Hili linaloenda darini halina koki."

"Halina."

"Umesahau."

"Sijasahau, mama. Hilo ni la kupumulia. Gesi ukiichoka unazungusha kitufe, inazima. Kuni zikishashika hazina kitufe. Maji yatachemka tu, hata tukitoka sote tukaenda sokoni. Yanavimba, yanatoa mvuke, lazima yawe na pa kutokea. Ukiliziba hilo, boila linapasuka, na jiko linakwenda nalo, na ukuta wa jikoni unakwenda nalo."

"Unakwenda wapi?"

"Kila mahali, mama."

Bi Komeo akatafakari. "Basi weka koki, mimi nitaiacha wazi."

Mama Bonge aliutazama mkungu wa funguo uliokuwa ukining'inia kiunoni mwa mama mkwe. "Hutaifunga hata siku moja?"

"Nikitoka tu."

"Na hili dude la ujiani?"

"Hilo nitalifunga nikiwepo."

Mama Bonge akaeleza upya kwamba rejeta ya ujiani nayo haifungwi, maana moto ukizidi ndipo joto linapopata pa kukimbilia. Bi Komeo alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri sana, jambo ambalo watu walilikosea mara nyingi wakadhani anakubali.

"Mwanangu, baba mkwe wako alikuwa mtu wa kuacha vitu wazi," akasema. "Bomba la uani, wazi. Dirisha, wazi. Asubuhi aliyoondoka kwenda kwa yule mwenzake aliacha mlango wazi, mimi ndani nanyonyesha, upepo unaingia. Sikulilia yeye. Nililia ule mlango. Kwangu hakiwashwi kitu kisichofungwa."

"Na mimi, mama, siwashi kilichofungwa," Mama Bonge alisema, akampa chai kwa mikono miwili.

Wakanywa chai. Jiko likakaa baridi, safi, limejaa maji, halina kazi.

Katikati ya hao wawili alikuwapo Baba Bonge, fundi baiskeli, mwanamume mwenye mikono mizuri na ugonjwa wa kukubali. Mkewe akisema, alikubali. Mama yake akisema, alikubali pia, tena kwa moyo mmoja uleule. Siku mkewe alipoitwa kuzibua sinki la watu mtaa wa pili, yeye alikwenda kumjulia hali mama yake, na kwa bahati alikuwa amebeba spana.

Mama Bonge aliporudi kwa Bi Komeo alipokelewa getini kwa tabasamu.

"Washa tu, mwanangu. Nimekubali."

Mama Bonge alisimama. Miaka yote aliyomjua mama mkwe hakuwahi kumwona akikubali kitu, hata kipimo cha joto la mtoto. Akamkabidhi Bonge, ambaye alimkoholea bibi yake begani, kisha mwenyewe akaomba ngazi. Baba Bonge aliishika ngazi kwa bidii isiyo ya kawaida.

Kule darini bomba lilikuwa limeviringishiwa vipande vya blanketi kuukuu la Bonge, kazi ya Mama Bonge mwenyewe ya kulikinga na baridi. Akapitisha kiganja juu yake taratibu, kama anavyompapasa mtoto kutafuta homa. Katikati mkono ukasimama.

"Baba Bonge."

"Naam."

"Hili bomba lina goti."

Chini ngazi ikatikisika kidogo. "Labda lilizaliwa nalo," sauti ikasema.

Akafungua blanketi. Koki ilikuwa ya kwake mwenyewe, aliijua, ilitoka kwenye mfuko wake wa vifaa. Na ilikuwa imekazwa mpaka mwisho.

"Umeifunga."

"Mama alitaka kujaribu kidogo kama inafunga."

"Na inafunga?"

"Inafunga vizuri sana," Baba Bonge akasema, na fahari ya ufundi ikamponyoka kabla hajaizuia.

Mama Bonge alishuka vipandio viwili akakaa hapo hapo kwenye ngazi, macho yao yakawa sawasawa. Hakupandisha sauti.

"Ningemwamini mama leo ningewasha. Na Bonge angekuwa amelala nyuma ya ukuta huu."

Baba Bonge aliutazama ukuta. Kisha akaugusa, kama vile ulikuwa umeshapata moto.

"Nilikwambia," mkewe akasema.

"Uliniambia. Mama naye aliniambia."

"Sasa siku nyingine tukikwambia wote wawili, uliza nani atakuwa karibu na jiko."

Akapanda tena. Hakuiacha koki ikiwa wazi, wala hakuivunja mpini. Alikata kile kipande chote akaweka bomba zima lisilo na kiungo cha kukazwa, kazi iliyomchukua mpaka jua likahamia dirisha la pili, na mumewe akimpa kila kitu kabla hajakiomba. Bi Komeo alikuwa ameketi chini akimbembeleza mjukuu. Alipoona koki inashushwa imo mkononi mwa mkwe, alitikisa kichwa.

"Basi hakiwashwi."

Bonge akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha mtu mzima kwenye mwili wa kuazima. Bi Komeo alimfunika kwa khanga, akalifunga fundo, akalifunga tena juu ya lile fundo.

Mama Bonge aliitazama ile koki kwa muda. Kisha akachukua kipande cha bomba kilichobaki, akakiziba ncha zote mbili, akaifunga koki katikati, akaingia nayo chumbani kwa mama mkwe. Nyundo ikalia. Alipotoka alisema, "Mama, njoo uone."

Koki ilikuwa ukutani, kando ya kitanda, mahali mkono unapofika bila mtu kuinuka. Bomba lake lilianza ukutani na kuishia ukutani.

Bi Komeo aliifunga. Akaifungua. Akaifunga tena, akasikiliza.

"Inafunga nini?"

"Umetaka koki, mama. Ya mabomba yale siwezi kukupa. Hii naweza."

Bi Komeo alimtazama mkwewe kwa kitambo. Mama Bonge alikuwa tayari kusema yote kama angeulizwa mara ya pili. Hakuulizwa.

"Leteni kiberiti," Bi Komeo akasema.

Moto ulishika polepole. Mama Bonge alikaa mbele yake, mkono mmoja kwenye bomba la kwenda na mwingine kwenye la kurudi, mpaka la kwanza likapata uvuguvugu, kisha la pili. Akapanda darini kusikiliza. Bomba la kupumulia lilikuwa likigugumia kidogo, wazi, likichungulia tangi lake. Rejeta ya ujiani ikapata joto, na kabla ya chakula kuiva nepi zilikuwa zimeshaanikwa juu yake. Jioni hiyo Bonge aliogeshwa maji ambayo hakuna aliyeyabandika jikoni.

Wakahamia. Kila giza lilipoingia Bi Komeo alifunga geti, kabati, madirisha na choo, mwisho akaingia chumbani, na Mama Bonge akasikia kule ujiani koki ikikwaruza, robo zungusho, nusu, basi. Kila alipoisikia moyo ulimsuta. Kumfungia mtu mzima koki isiyofunga kitu. Alipanga maneno ya kuungama, akayapanga vizuri, akawa anayaahirisha kama anavyoahirisha kupanga vikombe.

Asubuhi moja alienda kumtazama mtoto akakuta mlango wa chumba chake umeachwa wazi, wazi kabisa, umezuiwa kwa tofali lililoviringwa kitambaa ili usijirudishe. Joto la ujiani lilikuwa limejaa mle ndani. Bonge alikuwa amelala chali, mikono juu, hakohoi.

Bi Komeo alikuwa jikoni akichochea kuni.

"Mama, nani kaacha mlango wazi?"

"Mimi. Joto litaingiaje mlango ukifungwa? Na wewe ndiye uliyesoma."

Mama Bonge akasogea karibu na jiko. "Mama, ile koki ya chumbani kwako..."

"Haijaunganishwa na kitu," Bi Komeo akasema, akasukuma kuni ndani. "Siku ya kwanza tu niliifunga, nikaenda kulishika lile dude la ujiani. Moto uleule."

"Na bado unaifunga?"

"Sasa niifanyeje? Koki si ni ya kufunga?" Akafunga mlango wa jiko, akaujaribu kwa kidole kama umekaza. "Baba Bonge kaniuliza inafunga nini. Nikamwambia hayamhusu. Wewe itie mafuta tu. Inakwaruza, itamwamsha mtoto."

Mama Bonge alikwenda kutafuta mafuta. Kopo lilikuwa kabatini, na kabati lilikuwa na kufuli, kwa hiyo alirudi jikoni kuomba ufunguo.