Mji Alionipa Jilala

Mwezi wa sita ukiingia, baridi ya huku kwetu Ushirombo haipigi hodi. Unalala vizuri, unaamka midomo imepasuka na maji ya mtungini yanauma meno. Enzi za mume wangu Dominiko, asubuhi ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa na kazi zake. Yeye alikwenda misheni kuomba majani ya mkaratusi, mimi nikachuma kivumbasi na mchaichai nyuma ya nyumba, na watoto, Clemens na Serafina, wakagombania nani akae karibu na chungu. Kikichemka tunakishusha, tunakizunguka, tunajifunika sote blanketi moja.

Sheria ilikuwa moja tu: hatoki mtu mpaka kitendawili kiteguliwe. Niliiweka mimi. Mtoto akiingia kwenye mvuke wazo lake lote ni kutoka, na dawa inataka muda. Ukimtegea kitendawili anasahau macho yanayowasha. Akishindwa, anatoa mji, kama ilivyo ada. Clemens alinipa Tabora mara nyingi mno, nadhani mpaka leo ni yangu. Tukitoka hapo kila mmoja anapata kijiko cha asali na tangawizi iliyopondwa, anapakwa mafuta ya ng'ombe kifuani na kwenye nyayo, halafu kitandani. Kipupwe kikapita hivyo, mwaka baada ya mwaka.

Dominiko akafa. Serafina akaolewa Kahama. Clemens akaambiwa huko Geita dhahabu inachimbwa kwa jembe kama viazi, akaenda na jembe. Halafu ikaja Operesheni ya kuhamia vijijini, nami nikahamishwa na chungu changu na blanketi langu mpaka kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara. Kivumbasi nilikiacha. Kaburi la Dominiko nililiacha. Majirani zangu wa zamani walipelekwa kijiji kingine.

Nyumba iliyofuata yangu ilikuwa ya Nkwabi, Msukuma wa Samuye, mtu wa ng'ombe. Kipindi kile alikuwa amekwenda mbali pamoja na mifugo, anatafuta majani. Nyumbani alibaki mkewe Limi na mtoto wao Jilala, wa miaka kama sita, anayebadilisha meno, ya mbele yamebaki mawili tu. Kati yetu kulikuwa na ua wa minyaa uliopandwa juzi, bado mfupi. Ungeweza kumpa mtu chumvi juu yake bila kunyoosha mkono sana. Hatukupeana chumvi.

Sababu ilikuwa macho yangu. Ni mekundu. Nimepika maisha yangu yote kwa kuni mbichi, na zikikosekana, kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Mnajua wenyewe macho mekundu ya bikizee yanasemwaje upande wetu: mchawi huyo. Kule nilikotoka watu waliyaona yakiwa meupe, yakabadilika polepole mbele yao, hivyo hayakuwatisha. Hapa nilifika nayo tayari.

Kisimani kulikuwa na mwanamke mmoja, Justa, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo.

"Mama Clemens," ananiambia, wenzake wakiwa kimya na ndoo zao, "macho hayo! Ulilala, au ulikuwa matembezini?"

"Nililala, mwanangu."

"Haya. Mwenye kutembea hasemi katembea."

Wanacheka, lakini wananipisha niteke wa kwanza, na huko kupishwa hakukuwa heshima. Walitaka niondoke.

Basi kipupwe hicho cha kwanza nikiwa kijiji kipya, Jilala akaanza kukohoa. Mwanzo kikohozi cha mafua, kisha kikashuka kifuani, kikavu, kama mtu anayepasua kuni kwa shoka butu. Nilikisikia nikisaga, nikifagia, nikisali rozari. Limi alimbeba akaenda naye dispensari, wakarudi na chupa ya dawa, chupa ikaisha, kikohozi kikabaki. Mkono wangu uliwasha. Dawa niliijua. Lakini mtoto wa mtu humpi dawa hujaombwa, na mimi ningethubutu vipi hata kama ningeombwa? Akipona, amepona kwa chupa ya dispensari. Akifa, amekufa kwa mkono wa bibi mwenye macho mekundu, na watu watakuja mlangoni kwangu, na wala hawatakuja kunipa pole. Nilijua wanawake wawili waliofukuzwa vijijini mwao kwa jambo dogo kuliko hilo. Mmoja alifukuzwa tu. Huyo ndiye aliyekuwa na bahati.

Nikaamua kujifukiza mwenyewe, nisije nami nikaugua pasipo mtu wa kunichotea maji. Jioni moja, upepo ukivuma kutoka upande wa misitu, nikabandika chungu nje, nyuma ya nyumba. Mkaratusi niliufuata misheni kwa miguu. Nilipokishusha ndipo nikaona nimekijaza mpaka shingoni, dawa ya watu wanne. Mkono ulikuwa haujapata habari.

Nikajifunika. Mtu mmoja hawezi kujifukiza vizuri. Ukibana blanketi mbele, nyuma linafunuka, mvuke unatoka, mgongo unapigwa na upepo. Nilikuwa nahangaika nalo hivyo nikasikia:

"Bibi, unapika nini?"

Ni Jilala, kidevu juu ya minyaa. Kabla sijajibu mama yake akamvuta nyuma. Kisha akasimama yeye mahali pale pale.

"Shikamoo, Mama Clemens."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshindaje?"

"Tumeshinda." Akanusa hewani. "Hiyo harufu ni ya nini?"

"Mkaratusi na mchaichai. Najifukiza."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nazuia baridi isiingie."

"Peke yako unajifukizaje?"

"Vibaya," nikamwambia. "Nusu ya mvuke inakwenda kwa jirani."

Hakucheka, ila mdomo ulitaka. Akachuma kijiti cha mnyaa, akakitupa, akapangusa utomvu kwenye kanga.

"Bibi yangu kule Samuye alikuwa anafukiza. Mtu akiwa na mtoto, anaweza kumfukiza?"

"Mtoto gani?"

"Mtoto tu. Wa mtu."

"Mtoto wa mtu akivuta pumzi, mbavu zinaingia ndani?"

"Hapana."

"Uji anakunywa?"

"Anakunywa. Usingizi ndiyo hana. Na mimi sina."

"Mbavu zikianza kuingia ndani, usiulize majani wala mganga. Mbebe umpeleke misheni saa hiyo hiyo. Lakini kama ni kikohozi kikavu tu, mvuke unakilainisha."

Limi akanitazama machoni. Hakuna aliyefanya hivyo tangu nihamie pale. Alitazama kama mtu anayechungulia kisima kuona kama kuna maji au nyoka.

"Utaingia wewe kwanza," akasema.

"Nitaingia kwanza."

"Na mimi nitaingia."

"Ingia. Blanketi lilifumwa kwa ajili ya watu."

"Na kama kuna dawa ya kunywa, utaonja mbele yangu."

"Nitakunywa hata yote, mwanangu, ni asali."

Kwangu hakutaka kuja, wala hakusema karibu kwake. Tulikutana kwenye pengo la ua, mahali minyaa ilipokufa. Nikabeba chungu mpaka hapo, nikakifufua kwa jiwe la moto, nikakaa upande wangu nikikizingira kwa magoti mtoto asije akaungua. Wao wakakaa upande wao. Nikaingia kwanza kama nilivyoahidi, nikavuta pumzi tatu za kusikika, kisha nikainua pindo.

Ndani ya blanketi giza ni lile lile la zamani. Mvuke ukapanda, pua ikafunguka, jasho likaanza. Bega la Limi likanigusa. Akalivuta. Pakakosa nafasi, likarudi, na safari hii likabaki. Sikusogea. Nilikuwa nimesahau kuwa mtu mwingine ana joto.

Jilala akaanza kulia. "Macho yanauma! Mayu, nataka kutoka!"

"Kitendawili," nikasema.

Akanyamaza katikati ya kilio. Mtoto ni mtoto.

"Tega," akasema, kamasi zikimtoka.

"Ninakanyagwa na kila mtu asubuhi, na silii, nasonga mbele."

"Barabara!"

"Hee! Una akili za mama yako. Kingine. Nyumba yangu haina mlango wala dirisha."

"Yai!" akapiga kelele. "Hicho nakijua!"

"Ngoja, hakijaisha. Haina mlango wala dirisha, na anayeingia hutoka analia."

Akawaza. Pumzi zake zilikuwa zinaingia sasa hadi chini, nazisikia. Akakohoa, kikohozi chenye maji.

"Jela," akasema Limi taratibu. Nadhani alijisahau.

"Jela ina mlango, mwanangu, tena mkubwa."

"Tumbo la mama," akasema tena, "mtoto anatoka analia."

"Karibu. Lakini huyo alitoka, hakuingia."

"Nimeshindwa," akasema Jilala.

"Nipe mji."

Akafikiri kwa makini. Alikuwa mtoto wa kutoa kitu kizuri au asitoe.

"Nakupa kwetu," akasema. "Nyumba yetu. Uje ukae."

Bega la Limi likaondoka. Chungu kikatoa sauti ndogo, povu la mwisho. Kisha nikamsikia akimnong'oneza mwanawe, lakini chini ya blanketi moja mnong'ono hauna pa kujificha.

"Kwetu usimpe. Mpe Shinyanga."

"Shinyanga ni mbali, mayu."

"Mpe Shinyanga."

"Nakupa Shinyanga, Bibi," akasema.

"Nimeipokea." Nikabana pindo la blanketi. Nikaanza safari kama inavyotakiwa. "Nimefika Shinyanga. Nimeshuka stesheni na kikapu changu. Watu wote wanasema, shikamoo Bibi, karibu Bibi, leta kikapu tukubebee. Wamenipa kiti, wamenipa chai ya maziwa. Wananiuliza, Jilala hajambo? Nawaambia, anakohoa kidogo, ila kesho..."

Hapo akashikwa na kikohozi kikubwa, kikatoka na makohozi mazito, na Limi akatupa blanketi akambeba. Jibu la kitendawili sikuwahi kulitoa.

Upepo ukatupiga. Nikaonja asali na tangawizi mbele ya Limi, nikampa mtoto kijiko. Nikamwachia mama yake mafuta ya ng'ombe ampake mwenyewe. Alipoinama juu ya ndoo kumnawisha mtoto, nikaona ameduwaa. Alikuwa anajitazama majini. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili. Ya Jilala pia.

"Ndivyo yanavyokuwa?" akaniuliza.

"Ndivyo."

"Na yako, siku zote?"

"Moshi ni wa siku zote, mwanangu."

Alikuwa anataka kusema jambo. Lakini Justa akatokea njiani na mzigo wa kuni kichwani, akasimama.

"Mama Jilala! Macho hayo vipi?"

Mimi nilikuwa nimesimama na chungu, hatua chache tu nyuma ya ua. Nikangoja. Neno moja tu la Limi lingetosha. Angesema bibi huyu kaniwekea dawa, kesho nisingekuwa na kijiji.

"Moshi," akasema Limi. "Moshi tu."

Justa akatazama kwangu, akatazama kwake, akatikisa kichwa akapita. Limi akajinawa kwa maji ya baridi, mara ya kwanza, mara ya pili, akaingia ndani na mtoto. Chungu akaomba abaki nacho, amfukize tena. Nikampa na majani yote.

Usiku ule ulikuwa mtulivu upande wa kwao. Mimi ndiye nilikosa usingizi, nikisikiliza kikohozi kisichokuwepo.

Mtoto akapona. Kisimani Limi hakusimama karibu nami. Justa aliponiuliza tena habari za matembezi, wengine wakacheka, yeye akatazama ndani ya ndoo yake. Hakucheka. Hakusema moshi pia. Siwezi kumlaumu, alikuwa mgeni kama mimi, na mumewe yuko mbali.

Chungu kilirudi baridi ilipoanza kulegea. Nilikikuta mlangoni asubuhi, kimesuguliwa kwa mchanga mpaka masizi ya miaka yote yametoka, na ndani kimejazwa michembe, viazi vile vya kukausha wanavyovijua wao. Aliyekileta sikumwona. Nikaila michembe kidogo kidogo, isiishe.

Siku moja napepeta mtama, kidevu kikatokea juu ya ua. Minyaa ilikuwa imekua, sasa alikuwa amesimama juu ya kitu.

"Bibi! Nimekipata!"

"Umepata nini, mume wangu?"

"Nyumba haina mlango wala dirisha. Ni blanketi! Lile la mvuke! Tuliingia, tukatoka tunalia!"

"Ndilo lenyewe," nikasema. "Wewe ni mwanamume."

Akatabasamu, jino la tatu limeota. Kisha akawa na uso wa mtu mwenye madai.

"Basi nirudishie Shinyanga yangu."

Kutoka ndani mama yake akamwita, sauti ya kawaida tu, si ya hasira. Akageuza kichwa, akanirudia mimi haraka, anangoja.

"Chukua," nikamwambia. "Stesheni na kiti na chai ya maziwa, vyote nimeviacha kama nilivyovikuta."

Akashuka, nikasikia miguu yake ikikimbilia kwao. Nikaendelea kupepeta. Upepo ulikuwa mzuri, makapi yalikwenda yote upande wa barabara.