Upande wa Kushoto wa Nyar Karungu

Nyar Karungu alikula ugali nusu, na hapo ndipo vilio vya bure vilipoanza pale Ndhiwa. Kikongwe huyo wa miaka tisini na ushei, binti wa Karungu huko Migori aliyeolewa hapa zamani za kale, sahani yake hairudi jikoni na kitu! Mchana huo alikula upande wa kulia, wa kushoto akauacha vilevile, kama uliokatwa kwa kisu.

"Amemwachia marehemu mumewe," wazee wa boma wakanong'ona. "Anaaga."

Boaz, kifungua mimba wake, naye mwenyewe ana mvi tele, alikuwa ameketi kushoto kwa mamake. "Boaz!" bibi akaita. "Naam, mama," Boaz akaitika. Bibi akatazama kulia, mlangoni, akaita tena. Lo! Mwana yuko ubavuni, mama hamwoni. Mama asiyemwona mwanawe yuko wapi, kama si ng'ambo? Boaz akawapigia simu ndugu wa Migori waje haraka, na vijana wakaanza kupasua kuni za matanga.

Aliyekataa ni Roseline, mkewe Boaz. Huyo ukimwambia jua limetua, atatoka nje kwanza ahakikishe.

"Uzee haumvamii mtu kati ya uji na ugali," akasema. "Asubuhi amenigombeza kwa ajili ya sukari. Leteni gari!"

Hospitalini Homa Bay, Daktari Moraa alikisikiliza kifua cha bibi kwa muda mrefu, akaagiza na picha ya kichwa.

"Ni kiharusi," akawaambia. "Kwa wazee wa umri huu, mara nyingi chanzo ni moyo. Unapiga ovyo, damu inaganda ndani yake, donge linapanda kichwani na kuziba mshipa. Huwaumiza wazee kuliko vijana, na watu wa nyumbani husema ni uzee tu."

"Basi tumrudishe akafie nyumbani?" Boaz akauliza, huku akiliogopa jibu.

"Nani amesema anakufa? Hatari ipo, sikufichi. Lakini kuna dawa, kuna mazoezi, na nimeona wa rika lake wakiinuka."

Asubuhi yake, alipohakikisha bibi anameza vizuri, daktari akaruhusu aletewe ugali na samaki. Bibi akala nusu ya kulia, akatulia. Roseline akaguna. Daktari akaizungusha sahani tu.

"Ala! Mmeniongeza?" bibi akasema, akala yote.

Boaz akaikodolea macho sahani tupu. Hivi mtu anaweza kupoteza nusu ya dunia, na asijue kwamba ameipoteza? Ugali upo, samaki yupo, na kwake havipo! Ee Nyasaye, ulituumba vipi sisi? Daktari akaeleza kwamba macho ya bibi ni mazima. Ubongo ndio uliosahau kwamba kuna kushoto.

Ndipo Boaz akaelewa: tangu jana alikuwa ameketi upande huo huo wa kushoto. Akainuka kwenye kiti chake, akazunguka kitanda, akajibana upande wa pili, kati ya godoro na ukuta.

Bibi akamwona. Akamshika shavu, macho yamejaa hasira na machozi.

"Boaz! Nimekuita tangu jana mpaka sauti imenikauka. Ulikuwa wapi, mwanangu?"

Boaz, ambaye hakuwa ameondoka ubavuni pake hata kwenda kula, aliinamisha kichwa kwenye kiganja cha mamake.

"Nimefika, mama," akasema.