Jogoo wa Plastiki Waliofika Mbale

Nulu aliuza vyombo na vitu vya watoto katikati ya mji wa Jinja, katika mojawapo ya yale majengo ya zamani ya Wahindi yenye nguzo barazani. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye sauti nzito na ulimi wa biashara. Mtu aliyeingia kutafuta kijiko alitoka amebeba sinia, na bado akashukuru. Mwaka huo alileta jogoo wa plastiki. Walikuwa wekundu, mkia wa njano, na ukiwabonyeza mgongoni waliwika kama jogoo wa kweli, kisha wakacheka kama mtu. Kicheko hicho ndicho kilichowauza. Waislamu waliwanunua kwa ajili ya Idi na Wakristo kwa ajili ya Pasaka, maana sikukuu hizo zilikuwa zimekaribiana. Hata Nulu mwenyewe, wateja wakipungua, alimbonyeza mmoja akacheka naye.

Kisha mwagizaji wa Kampala, yule aliyemuuzia kwa jumla, akapiga simu. Alisema kiwanda kimetoa tangazo kwamba jogoo wote warudishwe. Kifuniko cha betri kilichokuwa tumboni kilikuwa kimelegea, na betri zenyewe zilikuwa zile ndogo za duara kama kifungo cha shati. Mtoto mmoja katika nchi nyingine alikuwa amemeza moja, akakimbizwa hospitali na kupasuliwa. Alipona, ila nusura wachelewe. Nulu alichukua jogoo mmoja rafuni, akakikwangua kifuniko kwa ukucha. Kilifunguka bila ubishi, na betri ikamdondokea kiganjani, inang'aa kama peremende.

Mwagizaji alimtaka arudishe waliobaki rafuni, naye atampa mipira badala yao. Na waliokwisha kuuzwa? Yule bwana alisema hao wamekwenda zao, nani atajua walikofika, atundike tu tangazo mlangoni yaishe. Nulu alikata simu bila kuaga. Jogoo wale hawakwenda wenyewe. Ni yeye aliyewasifu kwa kinywa chake na kuwabonyeza mbele ya watoto mpaka mama zao wakashindwa kukataa. Kama mtoto mmoja angedhurika, asingeweza tena kufungua lile duka kwa moyo mweupe. Akamwambia mwagizaji, alipompigia tena, amletee mipira mingi kuliko aliyokuwa amekusudia.

Alianza na Jinja, maana hapo alijulikana. Imamu alikubali kutangaza baada ya sala ya Ijumaa, na mchungaji wa kanisa la jirani akatangaza Jumapili. Sokoni hakuhitaji kipaza sauti. Wanawake walimrudishia jogoo wake mmoja mmoja, na kila aliyerudisha aliondoka na mpira. Kutoka Budondo alikuja mkulima mmoja aitwaye Nakato, amepanda boda boda na kubeba jogoo asiye na kichwa. Alieleza kwamba jogoo wake wa kweli alimsikia yule wa plastiki akiwika uani, akaona amevamiwa nyumbani kwake, akamdonoa mpaka akamvunja. Nulu hakucheka kwanza, akauliza betri iko wapi. Nakato akafungua fundo la leso akaitoa. Aliiona mavumbini akaiwahi kabla ya kuku.

Waliobaki walikuwa katoni moja aliyomuuzia Siraj, mchuuzi wa kutembea ambaye leo yuko Iganga na kesho Tororo. Nulu alimtafuta sana kwenye simu, na alipompata, Siraj alikumbuka vizuri. Katoni yote ilinunuliwa Mbale, na Betty Nandutu, mwenye kantini katika kambi moja ya askari magereza. Kambi ilikuwa imejaa watoto, kwa hiyo Betty hakusita. Nulu alifunga duka, akajaza mipira katika magunia, akapanda basi.

Betty alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kucheka, mzaliwa wa Wanale, mlima ulio juu ya mji. Aliuza sukari, sabuni na mandazi karibu na geti la kambi. Aliposikia habari ya betri hakucheka. Alikaa juu ya kreti ya soda akashika shavu. Wanunuzi wengine aliwakumbuka kwa sura. Lakini wengi walikuwa watoto waliotumwa na wazazi, na kambini watu huhamishwa nyumba kila mara. Akaona njia fupi ni kumwendea mkuu wa kambi.

Mkuu huyo, Afande Douglas, alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye mambo mengi. Aliwasikiliza akiwa amesimama, simu sikioni. Nulu alimweleza habari ya kiwanda na yule mtoto wa ugenini, na kabla hajamaliza Afande alikwisha kuelewa kiasi alichoona kinatosha. Alimwita koplo akampa amri kwa Kiswahili cha kambi.

"Jogoo yote ya kambi iletwe uwanjani leo mchana. Jogoo ni hatari kwa watoto. Hakuna kuficha."

Koplo alipiga saluti akaondoka na kipaza sauti. Nulu alitamani kumrudisha aongeze neno moja, lakini Afande alikuwa tena kwenye simu yake, na Betty akamvuta mkono watoke.

Walitandika turubai uwanjani wakapanga mipira. Wa kwanza kufika alikuwa Olivia Wanzala, mke wa sajenti, na alikuja na jogoo wa kweli, mweusi, mwenye kilemba kikubwa chekundu, amefungwa miguu. Nyuma yake walifuata wanawake wengine, kila mmoja na jogoo wake kwapani. Mmoja aliuliza kama ni ule ugonjwa wa kuku uliotangazwa redioni. Mwingine aliomba achinjiwe hapo hapo, nyama aondoke nayo. Uwanja ulijaa manyoya na makelele, na jogoo wawili waliokuwa na ugomvi wa zamani wakaanza kupigana miguuni pa koplo.

Betty alitazama upande wa nyumba. Ilikuwa adhuhuri ya jua kali, lakini milango mingi ilikuwa imefungwa na madirisha yameshushwa mapazia. Akamnong'oneza Nulu kwamba walioleta ni wale wanaoogopa amri. Wengine wamewaficha jogoo wao chini ya vitanda.

Nulu alijikuta katikati ya kicheko na machozi. Wa plastiki hakuonekana hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba amri ya Afande inaweza kuhusu kitu cha kuchezea. Na ndani ya zile nyumba zilizofungwa, watoto walikuwa wamefungiwa humo pamoja na vitu vyao.

Akapanda juu ya kreti. Alitoa mkobani jogoo wa plastiki aliyekuja naye kama mfano, aliyekwisha kumfunga tumbo kwa utepe wa gundi, akamwinua juu na kumbonyeza. Jogoo akawika, akacheka. Uwanja ulinyamaza. Halafu, kutoka kwenye zile nyumba zilizofungwa, jogoo wa kweli wakajibu. Mmoja alianza nyumba ya mwisho, akafuata wa katikati, kisha wakaitikia mstari mzima, kila mmoja chini ya kitanda chake. Wanawake walitazamana. Olivia ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikawapata wote. Afande Douglas alitoka ofisini, simu imeshuka mkononi, akasimama akicheka mpaka kofia ikamhama kichwani.

"Mama zangu," Nulu alisema walipotulia, "hao wa mboga kaeni nao, sina haja nao. Mimi natafuta huyu anayecheka. Ana betri tumboni, na betri inatoka. Mtoto akiimeza inamchoma ndani. Kosa si lenu, mimi ndiye niliyewaleta sokoni. Nileteeni, na hakuna mtoto atakayeondoka mikono mitupu."

Betty akayarudia kwa Lumasaba, lugha ya kwao, na mke wa askari mmoja akayarudia kwa Kiacholi. Milango ikafunguka. Jogoo wa plastiki walianza kufika, wengine bila mkia, mmoja amepakwa rangi ya kucha, mwingine amevalishwa gauni la mwanasesere. Nulu alimfungua kila mmoja tumbo na kutia betri katika kopo la kahawa alilopewa na Betty. Watoto walioleta jogoo wakiwa wamenuna waliondoka wakipiga mipira, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka kununa.

Jogoo mmoja alifika tumbo tupu. Nulu akaliweka kopo chini. Alimuuliza mama yake mtoto, mama akamtazama baba, na baba, askari kijana aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, akainamisha kichwa. Alikiri kwamba ni yeye aliyeichomoa betri, kwa sababu kila alipopata usingizi jogoo alimcheka. Alikuwa ameiweka juu ya kabati. Nulu hakumwacha mpaka alipokwenda akaileta, akaitia mwenyewe koponi, na watu wakamsikia mke wake akimuuliza mbona siku zote alisema ni kiwanda kilichotengeneza kitu kibovu.

Jogoo wa kweli walirudishwa makwao, isipokuwa yule mweusi wa Olivia. Olivia alikataa katakata kumchukua. Alisema jogoo huyo huwika usiku wa manane, majirani wamemchukia kwa sababu yake, na leo ameshamtoa kwa amri halali. Akamsukumia Betty kwapani akaenda zake, mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Betty alisema basi kwake Wanale kutakuwa na mchuzi.

Walipohesabu walimkosa mmoja. Betty aliwaza sana, kisha akamkumbuka mzee Eriya, askari aliyestaafu, anayeishi peke yake Wanale, chini ya mwamba. Alimshangaa aliponunua jogoo, kwani hana mtoto nyumbani. Wakapanda boda boda hadi barabara ilipoishia, wakamalizia kwa miguu kati ya migomba na mibuni. Jogoo mweusi alilalamika njia nzima.

Mzee Eriya aliwapokea barazani. Alikuwa amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi, na nyumba ilinukia chakula. Betty alimwita Afande kama zamani, naye akaketi wima zaidi. Alipoulizwa kuhusu jogoo alifurahi, akaingia ndani akatoka na kifurushi cha karatasi ya maua.

"Huyu ni wa Peace," alisema, "mtoto wa binti yangu. Wako njiani sasa hivi. Hajawahi kufika hapa tangu azaliwe."

Nulu, ambaye ulimi haukuwahi kumkwama mbele ya mteja, alikwama. Akaanza upya mara mbili kabla ya kulieleza jambo lenyewe. Mzee alifungua karatasi polepole bila kuichana, akamgeuza jogoo, akagusa kifuniko kwa kidole gumba. Kilifunguka. Betri ilianguka mezani, ikabingirika hadi sakafuni, ikapotea chini ya viti. Wote watatu walipiga magoti, wakahamisha viti na meza wakiitafuta, mpaka mzee mwenyewe alipoipata kando ya ukuta. Aliishika mwangani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ningempa kwa mkono wangu huu," alisema.

"Hukumpa, Afande," Nulu akamjibu. "Iko hapa."

Mzee aliitia koponi, akaketi. Nulu akampa mpira, akachagua ule mzuri kuliko yote. Mzee alishukuru, akaugeuzageuza, lakini ilionekana alikuwa ameupanga moyo wake kwa kitu kinachowika. Macho yake yakaangukia kwapani kwa Betty.

"Na huyo?"

"Huyu hana betri," Betty alisema.

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Betty alimweleza ukweli wote, habari ya usiku wa manane na majirani, mzee akasema hana jirani wa karibu, na usingizi wenyewe siku hizi hauji. Jogoo akafungwa kwa kamba kwenye nguzo ya baraza, karibu na bakuli la maji, na mara moja akajifanya mwenye nyumba.

Hawakuruhusiwa kuondoka bila kula. Mzee alikuwa amepika malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayotoka mlimani, ndani ya mchuzi wa karanga, pamoja na matoke. Ndiyo kwanza walikuwa wameketi sauti ziliposikika shambani, na binti yake akatokea amebeba begi, akifuatwa na mtoto wa miaka minne hivi mwenye viatu vyeupe vilivyojaa udongo. Mzee alisimama haraka, akasahau aliyokuwa amejiandaa kuyasema, akabaki ameshika mpira kifuani.

Peace alimtazama babu, akautazama mpira, kisha akamwona jogoo. Jogoo akatandaza mabawa akawika kwa nguvu zake zote. Mtoto akakimbia, lakini hakukimbilia kwa mama wala kwa babu. Alijitupa kwa Nulu, asiyemjua kabisa, akajificha ndani ya gauni lake na kuchungulia kwa jicho moja. Alipoona jogoo amefungwa, akatoa kichwa. Akamuuliza Nulu kama anauma. Nulu akamwambia amuulize babu yake, maana jogoo ni wa babu. Basi mzee akachuchumaa mbele yao, akaanza kueleza jogoo anakula nini, analala wapi na anaogopa nini, na mtoto akasogea kidogo kidogo hadi akalishika sikio la babu yake asianguke.

Nulu hakuwa amewahi kula malewa. Alionja kwa mashaka, akauliza yanapikwaje, na Betty alipokuwa akimweleza jinsi mianzi inavyokaushwa kwa moshi kabla ya kuchemshwa, jua lilizama nyuma ya migomba na basi la mwisho la Jinja likaondoka mjini. Betty akasema kitanda kwake kipo. Nulu akampigia simu Isiko, jirani yake wa dukani, kumwarifu kwamba kesho atachelewa kufungua, kisha akasogeza sahani yake aongezewe.