Ngumi ya Mwokaji

Mwokaji alifumbata mahindi mabichi yaliyotoka punde kwenye mashine ya kukatia majani, akayaminya kwa nguvu. Maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Bado," alisema.

Dada yake, mwenye shimo la kuvundikia malisho ya kiangazi, mwenye shamba na mwenye ng'ombe wote wanne, akaizima mashine. "Kaka, tunatengeneza sileji, si mikate. Yale mawingu huyaoni?"

Aliyaona. Aliona pia kuwa yeye hapo ni mgeni tu. Miaka thelathini alikuwa amewatangulia jogoo kuamka. Kiwanda cha mikate kilipofungwa, mdogo wake akampa chumba cha uani. Tangu hapo alitembea kwa kunyata, mithili ya mtu aliyeingia msibani akiwa amechelewa. Wiki ya kwanza ng'ombe aitwaye Madoa alimkanyaga mguu, na yeye ndiye aliyeomba radhi.

Mgeni mwenye adabu angenyamaza. Lakini vidole navyo vina kumbukumbu zake.

"Mdogo wangu, donge likizidi maji huharibika. Mwaka jana shimo lilioza kwa nini?"

Mwaka jana walifunua nailoni wakakuta uozo mweusi unaonuka, na kiangazi kizima mbavu za ng'ombe zikahesabika kwa mbali.

"Tuyaanike mabua hadi kesho."

"Na mvua ikinyesha?"

"Nilaumu mimi."

"Ng'ombe hawali lawama, kaka." Hata hivyo akaiacha mashine, akaanza kubeba mabua.

Waliyatandaza barazani, ghalani, hata sakafuni kwa Mwokaji, kitanda kikabaki kisiwa. Mvua ikaja, ikapiga bati kidogo kama anayebisha hodi nyumba isiyo yake, ikaenda zake. Asubuhi jua likawaka, wakayatoa yote uani.

Mchana walikata mabua machache, akaminya tena. Safari hii halikutoka hata tone. Alipokunjua vidole, donge lilitulia kiganjani, kisha likafunguka taratibu.

"Sasa!"

Wakakata yaliyobaki, wakanyunyiza molasi, wakashindilia tabaka kwa tabaka ili hewa isibaki. Mwokaji, mtu wa kitambi, alirukaruka shimoni jasho likimtoka.

"Kumbe ile mikate yote haikupotea bure!" dada alimcheka, mpaka akakaa chini.

Walifunika kwa nailoni, wakarundika udongo juu. Kwa wiki sita Mwokaji alipita hapo kila siku, na kila siku akafukuzwa. "Toka! Ukichungulia, hewa itaingia."

Siku ya kufunua, wote wawili walipiga magoti kando ya shimo. Dada alikunja pembe ya nailoni. Harufu ikawapokea, tamu yenye uchachu wa mbali, na majani yalikuwa ya rangi ya manjano iliyoiva. Madoa alikuwa wa kwanza kunyoosha shingo. Alinusa, akatia ulimi, kisha akazamisha kichwa chote kwenye ndoo aliyowekewa.

"Mbona unatafuna?" dada alimgeukia kaka yake. "Umeonja?"

"Imekosa chumvi kidogo."

Walicheka hadi ng'ombe wakasimamisha masikio. Dada akajifuta macho kwa upande wa kanga, akamkabidhi uma wa kupakulia.

"Kesho walishe wewe. Mimi nataka kulala mpaka jua linitoe kitandani. Sijafanya hivyo tangu nimnunue ng'ombe wa kwanza."

Akaondoka bila kugeuka nyuma. Mwokaji akabaki katikati ya midomo minne inayotafuna, akiwaza kesho aanze kumpakulia nani.