Saa Aliyorithi Gogo

Hakuwa na baiskeli, hakuwa na cheti, hakuwa na meno mawili ya mbele. Zaidi ya yote, hakuwa na usingizi wa saa tatu usiku kama binadamu wenzake. Wake ulimjia saa tisa, ukamwachilia saa tano asubuhi. Ndiyo maana babake alimbandika jina la Gogo, nalo likamfuata mpaka karakana ya kushona sare, ambako kazi ilianza saa kumi na mbili alfajiri.

Siku moja alishona mikono ya kushoto kwenye mabega ya kulia. Makoti matano mfululizo.

"Gogo, haya umewashonea kaa?" mama msimamizi aliuliza, karakana nzima ikaangua kicheko. "Kosa hili likitokea tena, ushike njia."

Gogo alinunua daftari. Siku arobaini aliandika saa aliyolala, saa aliyoamka, na kila mshono uliopinda. Akalipeleka kwa daktari, naye akampima damu, akamwita baada ya mwezi.

"Kaka, huu si uvivu. Kila seli ya mwili ina saa yake, na jeni ndizo zinazoiendesha. Jeni yako moja inaichelewesha. Umeirithi kwa mzazi."

Gogo alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Kesho yake alimwekea msimamizi daftari mezani. "Mama, soma mwenyewe. Mishono iliyopinda yote ni ya kabla ya saa tano. Nipe zamu ya jioni mwezi mmoja. Nikikosea koti moja tu, usinifukuze, nitajifukuza."

Mwezi ukaisha kwa makoti mia mbili na kumi. Msimamizi aligeuza la mwisho ndani nje, akavuta kwapa, akavuta kola, hakuona kasoro.

"Zamu ni yako, fundi," alisema.

Fundi! Masikio ya watu wote yalisikia.

Siku iliyofuata, kabla ya zamu, Gogo aliandika barua:

"Baba, shikamoo. Mama alikuwa akilala mapema, pamoja na kuku. Wewe ulilinda ghala usiku miaka thelathini bila kusinzia, ukatuambia ni nidhamu. Daktari anasema ni damu. Saa yangu imetoka kwako, na haijaharibika. Mimi mwanao, Fundi."

Alilamba bahasha, akaikandamiza kwa pasi ya moto ya karakana, akaenda kuitumbukiza katika sanduku la posta.