Koleo Lipi

"Nilikwambia koleo, Baba Salvina. Koleo."

"Na hili ni nini, mwiko wa ugali? Koleo hili hapa, jipya, mpini wa—"

"Hilo ni sepetu."

"—mpini wa mninga, nimelichagua mwenyewe, nikalipima begani—"

"Sepetu, baba. Koleo ni kile kidude cha kung'ata. Kinakata waya, kinang'oa msumari."

"Kwenu. Kwetu Ushirombo kinachong'ata ni mbwa."

Waliokuwa wakipandiana maneno namna hiyo, nyuma ya stesheni ya Shinyanga, ni Sabiti, dereva wa lori la mgodi, na Anatoli, taniboi wake, mtu mzima mwenye kipara na binti wa kuozesha. Mama yake Sabiti alikuwa wa Pangani, kwa hiyo koleo alilijua kwa Kiswahili cha mama. Anatoli Kiswahili chake alikipata misheni, ambako koleo ndilo lililochimba msingi wa kanisa. Wote wawili walikuwa sahihi, ndiyo maana ugomvi haukuisha.

Sabiti hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa, ila kwa mbali huwezi kutofautisha.

Barabara ya Geita ilikuwa na tabia yake, na madereva waliijua kama mtu anavyoijua tabia ya mama mkwe. Ilisikiliza vyombo vilivyomo garini, kisha kabla hujafika ilikutafutia kazi ya kila kimoja. Ukibeba msumeno, mti umelala njiani. Ukibeba jeki mbili, unazama mara mbili. Dereva mmoja alibeba dawa ya nyoka, akaumwa kabla ya Tinde, akapona, maana dawa alikuwa nayo. Barabara haikuwa na roho mbaya. Haikupenda tu kuona kitu kinakaa bure.

Kwa hiyo Sabiti alichagua vyombo kama mtu anayeambiwa achague maradhi. Jeki ilikaa chini kabisa ya sanduku, imelala. Juu yake spana, kila moja imeviringishwa gunia lake zisije zikagongana na kusikika. Viraka aliviweka ndani ya kopo la tumbaku lililosindiliwa matambara, na pampu aliifunga mpira kama kuku wa sokoni. Akishafunika, alilitikisa lori na kutega sikio. Likiwa kimya, alipanda. Koleo la kung'ata hakuliogopa. Chombo hicho kinaomba waya na misumari tu, na hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kukata waya.

Lakini sepetu. Kiangazi kilikuwa kimekauka mpaka mbuzi walikohoa. Tope hapakuwa nalo toka Shinyanga mpaka ziwani, na sepetu wakati wa kiangazi lina kazi moja. Marehemu Akida, dereva mwenzao, alilibeba mwezi kama ule. Amelala kando ya njia karibu na Isaka, na taniboi wake ndiye aliyelitumia.

Kulirudisha ilikuwa haiwezekani. Duka lilikuwa limefungwa kwa ajili ya swala ya Ijumaa, na hata lingekuwa wazi, chombo kikishagusa lori kimeshaandikiwa. Fikirini, dereva wa lori la pamba, aliwahi kutupa shoka lake Tinde. Mti ulimwangukia vilevile, akashinda chini yake akilikumbuka shoka.

Sepetu halikuenea sandukuni. Anatoli akalifunga kamba nje, juu ya magunia ya unga, bapa likitazama juu na kumetameta, mahali ambapo barabara ingeliona vizuri. Pembeni kulikuwa na madebe ya mafuta ya taa na kisanduku kidogo kizito cha namba za shaba, zile wanazofungwa vibarua mkononi. Sabiti hakukitazama mara mbili. Alikuwa akiwaza nani kati yao.

Walikuwa wawili tu ndani ya lori. Hesabu yake haikuhitaji karani.

Aliendesha pole kuliko mkokoteni. Tinde alikataa chai kwa kuogopa kupaliwa. Anatoli naye alikuwa ameshaelewa, maana mpaka Isaka alikuwa amemaliza rozari na kuanza upya, na walipofika penye kaburi la Akida kila mmoja alitazama upande wake. Baada ya hapo wakaanza kupeana heshima za ajabu. Anatoli alimwachia mwenzake kivuli. Sabiti alimwachia kipande kikubwa cha kiazi, halafu akakaa akimtazama anavyomeza.

"Unajisikiaje, Baba Salvina?"

"Mzima, namshukuru Mungu. Na wewe, Baba Chausiku? Kifua?"

"Kifua kizima."

"Mm," alisema Anatoli, na haikujulikana kama amefurahi.

Kahama Sabiti alisimamisha lori sokoni akauliza kama kuna msiba. Alieleza kwa adabu kwamba wana sepetu jipya na wangependa kusaidia kuchimba. Watu walimjibu kwa adabu vilevile kwamba siku hizi wote ni wazima. Mzee mmoja alikohoa. Sabiti alimsubiri kwa muda, lakini mzee alitema, akajifuta mdomo, akaondoka kwa baiskeli. Kijiji kilichofuata walikuta ngoma ya arusi. Sabiti aliona kwamba nchi nzima imekula njama ya kuwa na afya.

Ushirombo walilala kwa Anatoli. Asubuhi Mama Salvina aliwapa habari za kijiji. Askari walikuwa wamekuja kwa jirani yao Mama Telesphori, yule Febronia mjane, wakamswagia mtamba wake, kwa kuwa mwanawe alitoroka kazi mgodini. Febronia alisema mwanawe angetoroka angekuja nyumbani, kwani anapajua. Askari walisema hayo hawakutumwa kuyasikiliza.

Jua lilikuwa utosini walipowakuta. Ni ndani ya pori, mahali penye mbung'o wengi, na wanaume kadhaa walikuwa wameketi katikati ya njia kama watu wanaosubiri kunyolewa. Walikuwa wamekufa. Ilionekana kwa udongo mwekundu uliowajaa masikioni, ambao hawakujisumbua kuutoa, na kwa mbung'o waliowapita wote wakaenda kumwuma Anatoli.

Sabiti akazima gari. 

"Mwadila," alisalimu mmoja wao kwa Kisukuma.

"Mwadila," waliitika.

"Shikamoo, Baba Salvina."

"Marahaba, Telesphori," Anatoli alijibu. "Mama yako anakusalimu. Mtamba amechukuliwa."

"Nimesikia." Telesphori alisogea mpaka dirishani kwa Sabiti. Alinuka shimo, ule ubaridi wa ndani ya mtungi. "Bwana dereva, tunaomba koleo."

Hilo ndilo Sabiti alilokuwa amelisubiri toka Shinyanga. Alimfikiria Mwahija, mkewe, na mtoto Chausiku aliyekuwa anaota meno. Akafikiri, angalau pana kivuli, watanichimbia penye kivuli. Anatoli alipanda juu ya mzigo, akafungua kamba, akashusha sepetu, na hakumtazama Sabiti usoni.

Telesphori alilipokea akaligeuza.

"La nini hili? Udongo tunao."

"Umeomba koleo," alisema Anatoli.

"Koleo la kung'ata, baba. La kukatia waya."

Hapo Sabiti alikuwa na haki kamili ya kumwambia mwenzake neno. Badala yake alifungua mlango, akashuka.

Telesphori aliwaeleza bila haraka. Shimo lilikuwa limeanguka, sababu magogo ya kuegemeza dari yaliwekwa machache. Kufukua kungesimamisha kazi, kwa hiyo mgodi ulifunika mdomo wa shimo kwa mabati, na siku ya pili ukatangaza kwamba wale wote wametoroka. Kutoka hakukuwa kugumu. Udongo ukiuzoea unapisha. Kazi ilikuwa namba. Kila mmoja alikuwa nayo kwenye kifundo cha mkono wa kulia, imekazwa kwa waya uliosokotwa kwa koleo la mgodi, na vidole haviwezi kuusokotoa. Kila walipokaribia nyumbani, kengele ya kuhesabiwa ililia kule Geita, na namba ikamvuta mwenye mkono mpaka kwenye mstari. Hapa walipoketi ndipo mbali zaidi walipowahi kufika.

"Na mstarini hawawaoni?" aliuliza Anatoli.

"Wanatuona. Wanasema hatupo."

Walijaribu spana, ikateleza. Walijaribu ncha ya jeki. Anatoli alijaribu meno, akatema shaba. Jua lilianza kuinama, na wale wanaume wakawa wanageuza shingo upande wa Geita, kama mtu anayetazama wingu.

"Basi hilo hilo," alisema Telesphori, akionyesha sepetu.

Aliweka mkono juu ya jiwe. Anatoli ndiye aliyepiga, kwa kuwa ndiye aliyelichagua. Sabiti alishika kiwiko, akafumba macho, na alisikia mlio mkavu kama wa muhogo. Damu haikutoka. Waya haukukatika pia. Mkono ndio uliotoka, na namba yake. Akaja wa pili, na wa tatu, mpaka wote, na kila mmoja kabla ya kupigwa alikunja shati vizuri lisichafuke.

Mikono waliichimbia shimo kando ya njia. Udongo ulikuwa mgumu, na sepetu lilifanya kazi yake sawasawa. Anatoli akasali Baba Yetu. Sabiti akasoma Fatiha, maana hakujua wote walikuwa wa dini gani, akajisikia mwepesi namna ambayo aliona aibu nayo. Barabara ilikuwa imepata kaburi lake, na yeye alikuwa juu ya udongo.

Wale wanaume waliwaaga kwa mkono wa kushoto, wakaomba radhi kwa kuwapa mkono wa kushoto, wakashika njia ya Ushirombo. Kengele ililia mbali sana. Hakuna aliyegeuka.

Sabiti alikula kiazi chake chote.

Geita walipakua kesho yake mchana. Karani wa mgodi aliitwa Stanslaus, mtu mpole, mwembamba, anayefunga vifungo vya mikono hata joto likiwa la kuokea mkate, na aliyetia pamba masikioni kwa ajili ya kelele za kinu cha kusagia mawe. Sabiti alimweleza yote, mabati, namba, mikono, na mtamba wa Febronia. Stanslaus alisikiliza mpaka mwisho.

"Asubuhi hawakuwepo mstarini," alisema. "Mpaka jana walikuwa wanakuja. Sasa ndiyo wametoroka kweli."

"Na mtamba?"

"Mtamba ni wa mtoro, Baba Chausiku. Alikuwa amechukuliwa mapema kidogo, basi."

Alikifungua kile kisanduku, akapuliza vumbi juu ya namba mpya. Nje, vijana wageni walikuwa wamejipanga juani, mkono wa kulia mbele. Msimamizi alipita na waya. Magogo yalikuwa bado yamerundikwa pale pale yalipokuwa safari iliyopita, na mchwa walikuwa wameyafikia.

Kengele ikalia. Stanslaus alisimama ghafla, mkono wa kulia ukatangulia mbele ya mwili kama mtu anayevutwa na mtoto, akaushika kwa wa kushoto na kuurudisha juu ya meza. Ilimchukua nguvu. Kipande cha pamba kilimtoka sikioni kikaanguka, na nyuma yake ukamwagika udongo mwekundu kidogo, taratibu, juu ya shati lake jeupe.

Sabiti aliutazama ule udongo. Alikuwa ameshasahau kuogopa, na sasa ilibidi aanze upya.

Karani alifungua kifungo cha mkono, akakunja shati vizuri lisichafuke.

"Baba Chausiku," alisema, "naomba koleo."

"Lipi?"

"Lolote mlilonalo."